Maswali ya Daktari Si Matusi

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja wa idara ya njia ya reli katika mkutano wa tawi. Wengi waliomba ichapwe, nasi twaichapa kama alivyoisema.)



 Mara ya mwisho niliposimama hapa nilisema habari ya viatu na makoti ya mvua, nanyi mkacheka sana nilipoinua mguu kuwaonyesha soli ya kiatu changu. Leo sitawachekesha. Katibu aliniambia nichague jambo lolote lenye faida kwa wafanya kazi na jamaa zao. Nimechagua habari ya watoto wanaoumizwa nyumbani kisha wakapelekwa hospitali, na mambo yanayopita pale mbele ya daktari.

Labda mtu atauliza, hayo yanahusu nini chama? Ndugu, tunapodai mshahara twasema ni kwa ajili ya watoto. Tunapodai matibabu twasema ni kwa ajili ya watoto. Basi haifai tuwataje watoto tukiwa mbele ya wakubwa tu, kisha tukirudi nyumbani tufumbe macho.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikaa mlango kwa mlango na mwenzangu mmoja wa gangi yetu. Jina lake silitaji. Alikuwa mchapa kazi, hachelewi, halali kazini. Mama yangu alipofariki ndiye aliyenikopesha shilingi 3,000 za safari, wala hakunidai hata siku moja. Mkewe alikuwa amekwenda mji mwingine kutafuta kazi, akamwacha na mtoto wao wa kiume wa miaka mitatu.

Ukuta baina ya nyumba zetu ulikuwa mwembamba. Usiku mmoja nilisikia kelele, nikasikia mtoto akilia, kisha akanyamaza. Nikageuka upande wa pili nikalala. Kesho yake jioni mwenzangu akabisha mlango, akasema, "Ndugu, nisindikize zahanati, mtoto ameanguka." Mkono wa mtoto ulikuwa umevimba kutoka kiwiko mpaka vidole. Tukaenda. Mtu wa zahanati akauliza, "Ameanguka wapi?" Baba mtu akanyamaza. Mimi, ambaye sikuulizwa, nikajibu, "Ameanguka kitandani." Akaandika katika kitabu, akafunga mkono, akatoa dawa, na kabla ya nusu saa tulikuwa njiani kurudi. Hakuuliza kitanda kina urefu gani. Hakuuliza ameanguka lini. Nami nikaona nimemsaidia rafiki yangu.

Baada ya miezi miwili mtoto akaungua miguu yote miwili. Safari hii baba yake alimpeleka zahanati nyingine, ambako hawakujua habari ya mkono. Niliambiwa amekanyaga sufuria. Nikasema pole.

Mara ya tatu tulimpeleka hospitali kubwa, kwa maana mtoto alikuwa akitapika na hawezi kufungua macho vizuri. Tukamkuta daktari, mama kijana. Alimwuliza baba maswali mengi, akaandika. Kisha akamwomba atoke nje, akaniita mimi. Akasema, "Baba, wewe ulimwona mtoto akianguka?" Nikakasirika. Nikamwambia, "Sisi si wezi. Tumeleta mtoto atibiwe, hatukuja kortini." Yeye hakukasirika. Akasema, "Mimi sitafuti mwizi. Natafuta kilichomwumiza mtoto, nijue nitibu nini."

Kisha akainua shati la mtoto, akanionyesha. Mgongoni palikuwa na alama nyingine za zamani na nyingine mbichi. Nyuma ya sikio palikuwa na alama. Akanionyesha miguu. Kovu la moto lilizunguka kila mguu kama mtu aliyevaa soksi, na mwisho wake ulikuwa mstari ulionyooka. Akasema, "Mtoto akikanyaga maji ya moto kwa bahati mbaya huruka, na maji humrukia huku na huku. Huyu hakuruka. Huyu alishikwa."

Ndugu zangu, hapo niliketi chini. Nikamwambia yote: kelele za usiku, kitanda, sufuria. Ilikuwa imechelewa, lakini haikuwa imechelewa kabisa. Walipomchunguza kichwa walikuta damu imevuja ndani. Alikaa hospitali majuma mengi. Afisa wa watoto aliitwa, na polisi, na kesi ikaenda kortini. Hayo mengine si yangu kuyasema hapa. Mtoto yu hai, anakaa na nyanya yake, anasoma. Mguu mmoja anauburuta. Nilipomwona mara ya mwisho aliniuliza kama treni bado hupita nyuma ya nyumba zetu.

Wako wenzetu hapa walioniambia kwamba nilimsaliti ndugu. Nawajibu leo mbele ya wote. Nilimsaliti mtu, kweli, lakini siku niliyomsaliti ni ile ya kwanza, niliposema "kitandani". Na niliyemsaliti alikuwa na miaka mitatu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sisi watu wa reli twaweza kulifahamu upesi kuliko wengine. Gari likitoka relini, hufanyika nini? Uchunguzi. Dereva huulizwa, gadi huulizwa, gangi iliyotengeneza sehemu ile huulizwa, kila mtu peke yake. Hakuna asemaye ametukanwa. Tena hawatazami maneno peke yake. Watatembea kurudi nyuma mpaka waone alama ya kwanza ya gurudumu juu ya taruma, kwa maana taruma halisemi uongo. Dereva akisema gari lilianguka hapa, na alama zikaonyesha lilianza kutambaa mbali kule, wataamini alama. Daktari naye hufanya hivyo hivyo. Mwili wa mtoto ni kama mataruma yale. Maswali yake ni uchunguzi wa ajali, si matusi.

Na msidhani madaktari walilijua jambo hili tangu zamani. Hata wao walichukua miaka mingi kuamini walichokiona kwa macho. Mwaka 1946 daktari mmoja wa picha za eksirei huko New York, John Caffey, aliandika habari za watoto wachanga sita waliokuwa na damu ndani ya kichwa, na katika watoto hao sita alihesabu mifupa 23 iliyovunjika. Wazazi hawakueleza ajali yoyote ya kutosha. Miaka ikapita. Mwaka 1962 Daktari Henry Kempe wa Denver, Marekani, pamoja na wenzake, waliandika katika gazeti la madaktari kwamba watoto hawa wanapigwa na watu wanaowalea. Walikuwa wameziuliza hospitali nyingi, na hospitali 71 zikajibu: katika mwaka mmoja zilipata watoto 302 wa namna hiyo, 33 wakafa, na 85 wakapata madhara ya ubongo yasiyopona. Kempe alisema wazi kwamba madaktari wengi hawakutaka kuamini kuwa mzazi aweza kutenda hivyo. Baada ya maandishi yale, mpaka mwaka 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yameweka sheria ya kutoa taarifa.

Basi ikiwa madaktari wenye mashine za eksirei walikataa kuamini, si ajabu sisi majirani kukataa. Lakini kwetu pia jambo si dogo. Katika uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2019, vijana wa miaka 18 mpaka 24 waliulizwa habari za utoto wao. Kama nusu ya wanaume, na zaidi ya theluthi moja ya wanawake, walisema walitendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Nimeuliza wauguzi na madaktari wanionyeshe wanayoyatazama, nami nawapa kwa ufupi ili nanyi mjue.

Kwanza, hutazama umri na alama. Mtoto anayekimbia hupata alama magotini, kwenye miundi, na katika kipaji cha uso. Hiyo ni michezo. Lakini mtoto aliye chini ya miaka minne akiwa na alama za kupigwa kifuani, tumboni, mgongoni, masikioni au shingoni, daktari husimama na kuuliza. Na mtoto mchanga wa miezi minne au chini yake, asiyeweza hata kujigeuza, akiwa na alama popote, sharti aulizwe habari zake. Asiyeweza kutembea hawezi kujigonga mlangoni.

Pili, hutazama kama maneno yanalingana na jeraha. Kuanguka kutoka kitandani hakuvunji mbavu za mtoto mchanga. Mfupa wa paja hauvunjiki hivi hivi kwa mtoto ambaye hajaanza kutembea.

Tatu, hutazama wakati. Mtoto ameumia Jumapili, kwa nini ameletwa Jumatano? Tena, maneno yanabadilika? Asubuhi ni ngazi, jioni ni baiskeli? Na je, kila mara mtoto hupelekwa mahali papya?

Nne, yapo majeraha yasiyoonekana. Mtoto mchanga akitikiswa kwa nguvu kwa kuwa halii kunyamaza, ubongo hugonga ndani ya fuvu na mishipa midogo hupasuka. Kwa nje huenda usione alama hata moja. Akitapika, akilegea, akipata kifafa cha ghafula, mwambie daktari ukweli hata kama ni wewe uliyemtikisa. Ukweli huo waweza kumwokoa.

Tano, yako mambo ya aibu ambayo hatupendi kuyataja. Mtoto aumiaye sehemu za siri, atokwaye uchafu, aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayemwogopa mtu fulani ghafula. Hapa kumbukeni neno moja: mara nyingi daktari akipima hakuti jeraha lolote, na bado jambo limetendeka. Msimwambie mtoto ni mwongo kwa kuwa hakukuonekana jeraha.

Na mtoto asiyelishwa, asiyepelekwa kutibiwa, aliyeachwa peke yake na moto, huyu naye ameumizwa, ingawa hakuna mkono uliomgusa.

Lakini nisiwatie hofu bure. Daktari mzuri hamshitaki mtu kwa kuona alama moja. Watoto wetu wengi huzaliwa na madoa ya rangi ya buluu matakoni na kiunoni, nayo hufifia wakikua. Hayo si kipigo. Yako magonjwa ya damu yanayofanya mwili upate alama upesi, na magonjwa ya mifupa myepesi, na upele unaofanana na kuchomwa sigara. Ndiyo maana hupima damu, hupiga picha za mifupa, huita mwenzake atazame. Mzazi asiye na kosa hupata faida kwa maswali hayo, kwa maana huenda ugonjwa uliojificha ukaonekana.

Sasa tuseme habari ya wajibu. Hospitali yapaswa kumtibu mtoto kwanza, kabla ya karatasi. Yapaswa kumsikiliza mtoto mahali pa faragha, mbali na mtu anayemwogopa, na kuandika maneno yake kama alivyoyasema. Yapaswa kumlaza ikiwa nyumbani si salama, hata kama kidonda ni kidogo, na kumwita afisa wa watoto na polisi. Nasi tuna haki ya kudai hayo. Zahanati ile ya kwanza iliyoandika "ameanguka" bila kuuliza, ilikosa kama nilivyokosa mimi.

Kadhalika mtoto anapopimwa, mzazi au muuguzi mwingine awepo chumbani. Mtu yeyote wa hospitali atakaye kubaki peke yake na mtoto mlango umefungwa, bila sababu inayoelezwa, mwulize. Koti jeupe halimfanyi mtu kuwa malaika. Hapo nasi twaweza kuuliza maswali, wala si matusi.

Kwa upande wetu, mambo ni haya.

Ikiwa mtoto amenajisiwa, usimwoge. Najua mama yeyote moyo wake humwambia amwoshe, lakini asimwoshe. Nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa maana plastiki huweka unyevu na kuharibu ushahidi. Afikishwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zatakiwa zianze ndani ya saa hizo, na mapema ni bora zaidi. Usingoje kwenda polisi kwanza. Nenda hospitali, na taarifa ya polisi itafuata. Hospitali ina fomu yake ya Wizara ya Afya, na polisi wana fomu ya P3 ijazwayo na daktari. Matibabu hayo katika hospitali ya serikali ni bure. Hata saa 72 zikiwa zimepita, mpeleke, bado kuna msaada.

Tena, msikubali mambo haya yamalizwe kwa mbuzi. Nimeona wazee wakikaa chini ya mti, baba akapewa fedha, na mtoto akarudishwa kuishi mlango mmoja na aliyemharibu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kufuta kesi ya namna hiyo si kazi ya wazee, wala ya chifu, wala ya baba wa mtoto.

Ikiwa huna uhakika, wewe ni jirani tu, umesikia kwa ukuta kama mimi, iko simu ya watoto, namba 116. Haina malipo, hupokewa usiku na mchana, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Mtu yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto ahitaji ulinzi aweza kumpa habari afisa wa watoto au polisi. Hukuambiwa uwe hakimu, waambie tu ulichosikia na ulichoona. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya kulindwa na ukatili. Haikusema kila mtoto ila wa rafiki yako.

Wako watakaosema, "Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi." Kweli walisema. Lakini kukunja si kuvunja. Mimi nilichapwa, na wengi wetu tulichapwa, na kwa hiyo twadhani kipigo ndicho kilichotufanya watu. Mimi naona kilichonifanya mtu ni mama yangu kuuza mboga nipate karo. Fimbo ilinifundisha kusema uongo tu, nao uongo huo nilikuja kuutumia pale zahanati.

Na kwa mwenzangu aliye hapa ambaye mkono wake ni mwepesi, naomba asidhani ninamhukumu. Najua zamu za usiku. Najua mshahara uliochelewa, na deni la duka, na pombe ya mwisho wa mwezi. Yule rafiki yangu hakuwa simba, alikuwa mtu aliyechoka, akiwa peke yake na mtoto mdogo, wala hakuna aliyemwuliza habari zake, hata mimi jirani. Lau ningebisha mlango usiku ule wa kwanza nikasema, "Ndugu, nipe mtoto alale kwangu leo," labda yeye angekuwa bado kazini na mtoto angekuwa akikimbia. Mtoto akilia na wewe ukasikia damu imepanda, mweke chini mahali salama, toka nje, ita mtu. Hakuna aibu. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Ndugu Mwenyekiti, nataka mkutano huu uamue mambo matatu kabla hatujafunga. La kwanza, namba 116 ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, katika depo na katika nyumba zetu, mahali ambapo hata mtoto aweza kuisoma. La pili, tawi lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kumsindikiza hospitali mwanachama yeyote mwenye mtoto aliyeumia, na kukaa naye mpaka mwisho, ili asiwe peke yake wala kwa karatasi wala kwa aibu. La tatu halina gharama hata senti. Kila mmoja wetu aahidi kwamba akiombwa kumsindikiza mwenzake hospitali, atakwenda, atabeba mtoto, atatoa nauli akiwa nayo, lakini hatasema jambo ambalo hakuliona.

Urafiki wetu wa kazini ni kitu kikubwa, nami sitaki upungue. Twasimama pamoja mbele ya wakubwa kwa kuwa mnyonge akiwa peke yake huonewa. Basi mnyonge kuliko sisi sote ni yule aliye kitandani hospitali, asiyejua kusema, akimtazama mtu aliyemleta. Tusimame naye.

Hayo ndiyo maneno yangu.